Injinia wa Nyumbani

Meneja hakuwa mtu wa utani, na ingekuwa heri angebaki hivyo hivyo. Bahati mbaya alikuwa ametoka semina ya uongozi, na huko walimwambia kwamba kiongozi bora huwachekesha watu wake. Basi Jumatatu asubuhi akawakusanya wafanyakazi wote wa kampuni ya kufua nguo, wafuaji, wapigaji pasi, wakunjaji na madereva, akapanda juu ya kreti la sabuni na kukohoa.

"Ndugu zangu," akasema, "chumba cha kukunjia ndicho kinachoongoza hapa. Hawagombani, hawacheleweshi kazi, mashuka yao yamenyooka. Mnajua siri yao? Msimamizi wao anajua kusimulia! Kila asubuhi anawapa kisa cha mume wake. Si mnamjua Injinia?"

Watu wakaanza kucheka hata kisa hakijaanza. Msimamizi mwenyewe, aliyesimama safu ya mbele, hakucheka. Alikuwa anampungia meneja mkono chini chini, kama mtu anayemzuia dereva asirudi nyuma, lakini meneja alishaanza kurudi nyuma na hakuna wa kumzuia.

"Huyu bwana kapoteza ufunguo wa nyumba. Sawa, binadamu tunapoteza. Sasa badala ya kumwita fundi wa kufuli, akasema yeye mwenyewe anaweza. Akaingia dirishani, akakifungua kitasa kizima, familia ikaingia ndani. Vizuri. Akakirudisha kitasa. Kulipokucha mlango haufunguki! Akapiga nyundo, wapi! Mama yake mzazi alikuwa na miadi kliniki, ikabidi atolewe dirishani. Juu ya kiti, jamani! Na sufuria yake ya uji mkononi!"

Alisimulia vibaya, akacheka mwenyewe katikati, lakini watu waliangua kicheko, maana bosi akichekesha nani atanuna? Hapo angeshuka, yakaisha. Hakushuka.

"Na leo tuna bahati," akasema. "Injinia mwenyewe tunaye hapa! Si ndiye fundi wetu mpya wa cherehani? Simama, Injinia, watu wakuone!"

Kule nyuma, karibu na mlango, mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa kwenye bunda la mashuka, futi ya kupimia shingoni, akasimama. Alikuwa na wiki moja tu kazini. Kibanda chake cha kushonea kilikuwa kimefungwa, na mke wake ndiye aliyemwombea kazi ya kushona mashuka yaliyochanika. Wiki nzima alikuwa anajiuliza mbona wakunjaji wakimwona na bisibisi ya cherehani wanabana vicheko. Sasa alijua. Watu walipiga makofi. Yeye, kwa kukosa la kusema, akasema, "Asanteni."

Kisha akakaa.

* * *

Nyumbani jioni ile bomba la jikoni lilikuwa linavuja. Fundi alilitazama, akachukua beseni, akaliweka chini yake, akaenda kukaa.

"Bomba linavuja," mama yake akasema kutoka kwenye kiti chake. Macho ya mama yalikuwa hafifu lakini masikio yalikuwa mazima.

"Nalisikia, mama."

"Si ulitengeneze?"

"Lisije likawa hadithi."

Mama hakuelewa. Mkewe, aliyekuwa anamenya viazi, alielewa, na kisu kikasimama. Alisubiri mama aende kulala kidogo kabla ya chakula, kama kawaida yake, ndipo akavuta kigoda.

"Mume wangu, sikujua kama meneja atasema. Nilikuwa nawasimulia wenzangu tu. Wa kwangu pale chumbani."

"Umewasimulia visa vingapi?"

"Vichache."

"Nilipoukata mguu wa meza ili isitikisike?"

"Hicho ndiyo."

"Na nikaikata miguu yote, ikawa ya kukalia?"

"Hicho hicho."

"Nilipompaka mama rangi?"

"Hukumpaka. Ulimdondoshea."

"Nakuuliza kama ulisimulia."

"Nilisimulia."

Fundi akalitazama bomba. Matone yalikuwa yanagonga beseni. "Na siku niliyofunga kibanda," akasema taratibu, "nilipokaa pale kitandani nikalia. Hicho je?"

"Hicho hapana!" Mkewe alishtuka kweli, mpaka kiazi kikamdondoka. "Unanionaje wewe? Hicho sijakisema kwa mtu na sitakisema."

"Mimi nitajuaje?" Hakuwa amepandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha. "Pale kazini kila anayecheka najua ananicheka mimi. Akikohoa tu, najiuliza amekumbuka kipi. Mwisho wa mwezi naacha. Kaka yangu ana duka, atanipa kona nishone."

"Kaka yako si yuko mji mwingine?"

"Ndiyo."

"Na sisi?"

"Ninyi mtabaki na visa."

Mke aliapa pale pale kwamba hatamtaja tena kazini, si kwa wema si kwa ubaya. Fundi alisema sawa. Asubuhi, alipoamka, mke akaliona begi limeshushwa kutoka juu ya kabati, limewekwa sakafuni upande anaolala mume wake, zipu wazi. Hakuthubutu kuuliza.

* * *

Ni haki tuseme kwamba msimamizi hakuanza visa vile kwa ubaya. Alipopewa usimamizi wa chumba cha kukunjia alikuta watu hawasemezani. Na shuka, liwe la hoteli au la hospitali, halikunjwi na mtu mmoja. Wawili wanashika ncha, wanarudi nyuma mpaka linyooke, kisha wanasogeleana kama wanacheza muziki, mmoja anampa mwenzake ncha na kuinama kuokota mkunjo. Ukiwa umemnunia mwenzako, humtazami. Usipomtazama, shuka linapinda. Spika, mwanamke aliyeitwa hivyo kwa sababu ya sauti yake, alikuwa hasemi na Mama Pacha, aliyefanya naye kazi meza moja, kisa kiti. Kiti! Mashuka yao yalikuwa yanarudishwa kila siku.

Ndipo ikatokea ile asubuhi ya kitasa. Msimamizi alifika amechelewa, nywele hazijachanwa, na akaona afadhali aseme ukweli wa kilichomchelewesha. Alipofika kwenye sufuria ya uji, Spika aliangua kicheko, akamshika Mama Pacha bega ili asianguke, na alipokumbuka kwamba wamenuniana alikuwa ameshachelewa. Siku ile hakuna shuka lililorudishwa. Msimamizi si mjinga. Kesho yake akaja na kisa cha meza.

Mchana wa siku ile ile ya kitasa lilitokea jambo jingine. Mashine kubwa ya kufulia, iliyokuwa inafua aproni za wakunjaji, ilianza kukwaruza kwa sauti mbaya, ikazimwa, na ndani yake ukatolewa ufunguo. Msimamizi alifoka siku ile! Aliwasimamisha watu wake wote mstari mmoja, akawaamuru wageuze mifuko nje, akawaambia mtu asiyeweza kukagua mfuko wake mwenyewe hawezi kukabidhiwa shuka la mgonjwa. Kisha akauchukua ule ufunguo kuutazama. Ulikuwa umefungwa uzi mwekundu kichwani. Akanyamaza ghafla, watu wakadhani amechoka. Akapigilia msumari ukutani na kuutundika. "Mwenyewe atajitokeza," akasema. Mwenyewe hakujitokeza, na ufunguo ukabaki pale kama kalenda ya mwaka jana, watu wanaupita bila kuuona.

* * *

Jumanne, baada ya ile Jumatatu ya meneja, msimamizi aliingia chumbani, akasema habari za asubuhi na kugawa kazi. Wakunjaji wakasubiri.

"Bosi, Injinia vipi leo?" Spika akauliza.

"Tufanye kazi."

"Kidogo tu, bosi, tuchangamke."

"Nimesema tufanye kazi."

Wakafanya. Siku ya kwanza ilipita kwa ukimya, ya pili kwa minong'ono. Kufikia Alhamisi Mama Pacha alikuwa ameleta tena ile habari ya kiti, Spika akamjibu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mashine, na mzigo mzima wa hoteli ukarudishwa mikunjo ikiwa imepinda. Meneja akaja mwenyewe.

"Nini tena hiki?" akauliza, akiwa ameshika shuka kwa vidole viwili. "Mbona mlikuwa vizuri? Visa viko wapi?"

"Vimeisha."

"Vimeishaje? Mume si yupo?" Meneja alisema kwa nia njema kabisa, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. "Sikiliza. Jumatatu mteja wa hoteli anakuja kutazama kazi. Chumba kikiwa hivi, nitalazimika kumweka msimamizi mwingine. Sitaki. Lakini nitalazimika. Kwa hiyo wasimulie kitu."

Cherehani ya fundi ilikuwa pembeni tu, kwenye kona ya chumba hicho hicho, na ilikuwa imenyamaza. Mkewe alijua anasikia. Akasema, "Nimekuelewa, bosi," na hakumtaja mume wake. Alijaribu kisa cha jirani, kikafa njiani. Alijaribu kusimulia habari ya kuku, Spika akamwambia, "Bosi, huyo kuku hatumjui."

Ijumaa, saa ya chai, watu walikuwa wamekaa juu ya mabunda na vikombe vyao. Msimamizi alikuwa dirishani akisaini kupokea sabuni. Spika, ambaye hakuwa na roho mbaya ila mdomo wake ulikuwa unatangulia, akamgeukia fundi.

"Shemeji," akasema, "mkeo ametunyima. Basi tuambie wewe. Ule ufunguo, uliupotezaje?"

Watu wakageuka. Mama Pacha akamfinya Spika paja, lakini neno lilishatoka. Fundi alikuwa na kikombe mdomoni. Akakishusha. Macho yake yakaenda ukutani, juu ya meza ya pili, penye msumari, yakakaa pale muda wa kumeza funda la chai, kisha yakarudi.

"Sijui, shemeji," akasema. "Ulinidondoka tu. Mimi ni mtu wa kupoteza vitu."

"Ndivyo mlivyo wanaume," Spika akasema, watu wakacheka kidogo, na chai ikaendelea.

Msimamizi alikuwa ameyaona yale macho. Kalamu ilimgandia mkononi, mleta sabuni akamwuliza kama anaumwa.

* * *

Walirudi nyumbani pamoja, mke akitangulia hatua chache, mume akifuata na futi yake shingoni. Mama alikuwa ameshakula kwa jirani. Beseni lilikuwa limejaa. Mke alilimwaga, akalirudisha chini ya bomba, akabaki ameinama pale pale.

"Umeuona," akasema.

"Nimeuona nini?"

"Usinifanyie hivyo."

Fundi akavua viatu, kimoja, kisha kingine. "Uzi ule niliufunga mimi mwenyewe," akasema, "ili mama autambue kwa kuupapasa. Nitaacha kuujua?"

"Umeuona lini?"

"Siku ya kwanza. Kabla hata sijakaa kwenye cherehani. Nilimwuliza yule dada mwenye sauti, ufunguo huu wa nani? Akanieleza jinsi ulivyotoka kwenye mashine pamoja na aproni, na jinsi ulivyowageuza mifuko."

Mke alikaa chini, sakafuni, karibu na beseni. Ilimjia siku ile yote: yeye akisema ufunguo nilikupa wewe, mume akipekua mfuko baada ya mfuko, akipekua mpaka kwenye mafuta ya cherehani, mama akimsema mwanawe kwamba tangu utoto hajui kutunza kitu. Na mume akiomba radhi. Aliomba radhi mara nyingi, huku ameshika bisibisi. Asubuhi yake kisa kikasimuliwa, na ufunguo ulipotoka kwenye mashine mchana, kicheko kilikuwa bado kiko chumbani, kitamu. Angeanzaje kusema?

"Jumatatu meneja alipokusimamisha," akasema, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ungewaonyesha tu. Uko pale ukutani. Mbona hukusema?"

Fundi alimtazama kana kwamba ameulizwa swali la kitoto.

"Wangekucheka," akasema.

Mkewe alianza kulia. Fundi hakusogea kumbembeleza. "Usidhani sina hasira," akasema. "Ninayo. Nina hasira mpaka chakula hakipiti. Lakini wewe ndiye unayewasimamia wale. Mimi nashona tu."

Kisha akaenda kufunga zipu ya begi, akaifungua tena, akatoa shati la kuvaa kesho.

* * *

Jumamosi asubuhi, wakunjaji walipokuwa wanafunga aproni zao, msimamizi alikwenda moja kwa moja ukutani, akautoa ufunguo kwenye msumari. Fundi alikuwa anaingiza uzi kwenye sindano.

"Huu," msimamizi akasema, "ni ufunguo wa nyumba yangu."

Spika ndiye aliyejibu kwanza. "Aa, bosi! Kumbe Injinia aliuleta mpaka huku!" Chumba kizima kikacheka, na vichwa vyote vikageukia cherehani. Fundi hakuinua uso.

"Hapana," msimamizi akasema. "Siku ulipopotea alikuwa hajawahi kufika hapa."

"Bosi wetu bwana," Mama Pacha akasema kwa huruma. "Unamfichia mumeo aibu. Si vibaya, mke mwema hufanya hivyo."

Hapo ndipo alipoona alichokuwa amekijenga. Kila kipande cha ukweli alichokuwa anatoa, watu walikuwa wanakiongeza kwenye upumbavu wa Injinia. Akapaza sauti.

"Nisikilizeni! Aproni ilikuwa yangu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Mimi ndiye niliyeutia kwenye nguo chafu, nikaenda nyumbani, nikamwambia mume wangu kapoteza yeye. Akaamini, maskini. Akavunja kitasa kwa ajili yangu."

Spika alikuwa ameshika ncha za shuka, upande wa pili ameshika Mama Pacha.

"Ngoja kwanza, bosi," Spika akasema polepole. "Siku ile si ndiyo ulitupanga mstari?"

"Ndiyo."

"Ukatugeuza mifuko nje. Mpaka mimi nikatoa sidiria ya akiba mbele za watu."

"Ndiyo."

"Ukasema asiyeweza kukagua mfuko wake…"

"…hawezi kukabidhiwa shuka la mgonjwa," Mama Pacha akamalizia.

"Na ufunguo ni wako!"

Kicheko kilianzia kwa Mama Pacha, mtu ambaye kwa kawaida hucheka kwa kufunika mdomo. Safari hii hakufunika kitu. Spika aliachia shuka, akakaa sakafuni. Mmoja akajipanga mstari peke yake, akageuza mifuko ya aproni na kuwatazama wenzake kwa ukali, akifanya sauti ya msimamizi, na alimpatia barabara. Walicheka, wakapumzika, mtu akisema "mifuko!" wanaanza upya. Msimamizi alisimama katikati na ufunguo mkononi, masikio yanawaka moto. Hakuwa anajua kwamba kicheko kinachukua muda mrefu hivyo ukiwa wewe ndiye unayechekwa. Alitafuta mahali pa kuweka macho, akatazama kwenye kona.

Mume wake peke yake ndiye aliyekuwa hacheki. Alikuwa ameacha sindano, anamtazama, na uso wake ulikuwa na huruma ambayo mkewe aliona hakuistahili. Aliinuka.

"Haya, jamani, inatosha," fundi akasema. Hakuwahi kusema neno la amri mle ndani. "Inatosha. Mashuka yanawangoja."

Wakainuka. Spika alijifuta machozi, akamrushia Mama Pacha ncha ya shuka, wakarudi nyuma mpaka likanyooka, wakasogeleana. "Mifuko umekagua?" akamwuliza kwa sauti ya chini, walipokutana, na Mama Pacha akacheka tena, lakini mkunjo wake haukupinda.

Jumatatu mteja wa hoteli alikuja, akatazama, akaondoka bila kulalamika. Meneja alimshika msimamizi mkono na kumwuliza ni kisa gani hicho kilichoamsha watu, ili na yeye akakisimulie. Akaambiwa hicho hakisimuliwi ila na mwenyewe. Watu walianza kumwita msimamizi "Mifuko", mwanzoni kwa kuibia, baadaye mbele yake. Kila wanapomwita bado linamchoma kidogo. Anaitika.

* * *

Mwisho wa mwezi ulifika siku ya kazi kama nyingine. Jioni fundi alifika nyumbani, akapita chumbani, na mkewe, jikoni, akasikia kitu kinaburuzwa sakafuni. Akashika ukingo wa meza, ile fupi. Kisha akasikia mlio mwingine, begi likisukumwa kupanda juu ya kabati.

Fundi akatokea mlangoni amekunja mikono ya shati.

"Bisibisi iko wapi?"

"Kwenye droo," mkewe akasema. "Ya nini?"

"Bomba. Nimechoka na hilo beseni." Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya sinki. "Njoo unimulikie tochi."

Akaja, akachutama karibu naye na tochi. "Likiharibika?" akauliza.

"Likiharibika kasimulie. Ila useme na nani aliyekuwa ameshika tochi."

Kule sebuleni mama yake fundi, masikio yake mazima, alisikia chuma kikigonga chuma. Akainuka, akashika kiti chake kwa mikono miwili, akakisogeza karibu na lile dirisha.